Betri ya Kukesha

Tarehe 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na pole na baridi ya huko. Sisi tuko wazima. Mvua zimewahi mwaka huu, paa la jikoni limeanza tena kudondosha kwenye masufuria, na yule kuku kilema niliyekuandikia habari zake ameangua vifaranga, sasa anatembea uani kama mwenye nyumba. Tangu mnara wa simu ulipoungua, karani wa posta naye amepandisha mabega. Anatugawia bahasha kama anatugawia urithi.

Mama hajambo. Ana kikohozi kidogo, cha vumbi tu.

Nina swali la kazi. Betri ya Nyati imekufa, haikumaliza hata mwaka. Unajua mimi bila Nyati si fundi pampu, ni mtu mwenye spana tu. Visima vyote ninavyohudumia viko juu, kwenye njia za mawe, na huko hakuna gari jingine linalopanda. Bwana Garantii wa duka la vipuri (tunamwita hivyo kwa sababu garantii zake zote ziko mdomoni) ana betri za aina mbili tatu, na kila moja anaapa ndiyo yenyewe. Wewe ulimwendesha Nyati miaka yote ya wapima ardhi, kabla hujaondoka. Niambie nichukue ipi.

Bado tunamwegesha ulivyotufundisha, uso ukitazama mteremko. Nikisahau, Mama hupiga kelele kutoka mlangoni: "Geuza uso! Unataka mjomba wako aone aibu huko aliko?"

Mpwa wako,
Spana


Tarehe 28 Februari

Mpwa wangu Spana,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima, chumbani mwangu juu ya duka la fundi cherehani, ambaye sasa amepata kazi ya sare za shule, kwa hiyo sakafu yangu inatetemeka tangu asubuhi. Kiwandani bado nasahihisha kurasa kabla hazijachapwa. Wiki hii ni kitabu cha ufugaji nyuki. Najua mengi sasa kuhusu nyuki na sina pa kuyapeleka.

Tuje kwa Nyati. Betri ya gari la milimani huuawa na mtikisiko kabla haijauawa na uzee. Ndani yake kuna mabamba ya risasi, yamesimama kama vitabu kwenye rafu. Ukiyatikisa kutwa nzima huachia unga, unga hujaa chini, mabamba hugusana, na habari imeisha. Kwa hiyo usidanganywe na rangi ya kasha. Itikise kwa mkono: ikilia ndani, mrudishie. Kitako cha chuma inapokaa kipime kwa kamba, wala usipime kwa macho. Simama mbele ya boneti uone kichwa chanya kiko upande gani, maana kikiwa upande usio wake waya hautafika nawe utaanza kuuvuta. Chini yake laza kipande cha tairi kuukuu. Ifunge kwa ukanda wa chuma, usifunge kwa mpira.

Ukishamaliza hayo, chagua yenye nguvu kubwa zaidi ya kuwasha. Nyati ni wa dizeli, ana mapafu mazito. Anataka msukumo mmoja wa nguvu asubuhi, basi. Hiyo ndiyo betri yake. Sina shaka.

Ila umesema ile ya zamani haikumaliza hata mwaka. Nyati hakuwa mlaji wa betri. Na jambo jingine: mbona dada yangu hakuandika pembeni? Kila barua yako huja na mstari wake kwenye ukingo wa karatasi, kama mtu anayechungulia dirishani wakati wengine wanazungumza. Safari hii ukingo ulikuwa mweupe.

Mjomba wako


Tarehe 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tumepata barua yako, na tumecheka habari za nyuki. Vifaranga wamebaki watatu, kipanga amejichukulia wake. Mvua haijaacha. Barabara ya daraja la chini imeliwa upande mmoja.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilipoitikisa betri dukani, Bwana Garantii alishika kichwa. "Dada, hiyo ni betri, siyo nazi!" Nikamwambia natumwa na mwenye gari. "Mwenye gari yuko wapi?" Mbali. "Basi mwambie akiwa mbali atikise za huko." Lakini nilipata yenye nguvu kuliko zote dukani, kichwa chanya upande wake, na ukanda wa chuma nimeuchomelea mwenyewe.

Imekufa, Mjomba. Haikufika hata mwezi. Nyati nikimwasha anatoa sauti moja, kama mtu anayeguna, kisha kimya. Nimekagua mkanda, uko sawa. Altaneta inachaji. Hakuna waya uliochubuka. Bwana Garantii anasema ninasahau taa. Sisahau taa.

Nimeazima ya trekta la jirani, nayo inaanza kuchoka. Nifanyeje?

Mama anasema nimwachie nafasi pembeni. Huyu hapa.

Spana

(Pembeni, kwa mwandiko mwingine:) Nipo. Acha udadisi. Vaa soksi.


Tarehe 14 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku jua limeanza kuonekana, linapita kwenye dirisha langu kwa muda mfupi kama mkaguzi, kisha linakwenda kwa wengine.

Niliipeleka barua yako kwenye duka la betri la mtaa wa nyuma. Mwenye duka ni mama mmoja mnene ambaye wote wanamwita Bi Asidi kwa ajili ya ulimi wake. Nilimsomea sehemu yako yote. Alikuwa anafuta mikono, akaacha.

"Mzee, hiyo haikuuawa na mawe. Imenywewa mpaka chini."

Nikamwuliza imenywewa na nani.

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye mjomba! Sikiliza. Kuna betri ya kuamsha na kuna betri ya kukesha. Ya kuamsha ina mabamba membamba, mengi. Inatoa nguvu zake zote kwa pumzi moja, halafu inataka irudishiwe papo hapo. Ukikesha nayo usiku, kila usiku, ukaikamua mpaka tone la mwisho, inakufa hata ungeiweka kwenye mto wa pamba. Ya kukesha ina mabamba manene. Haina haraka. Huyo mtoto ameining'inizia kitu kikubwa, tena si mara moja. Muulize ni kitu gani. Na wewe ulimchagulia ya kuamsha?"

Nikasema ndiyo.

"Hongera," akasema, akaendelea kufuta mikono.

Sasa nakuuliza, Spana. Umeining'inizia nini? Kama ni pampu ya majaribio, niambie. Kama ni televisheni ya vijana wa mtaani, niambie, sitagomba. Kama ni kitu kingine, niambie vilevile.

Mistari ya dada yangu nimeiweka mezani, hii na ile ya mwaka jana. Ya mwaka jana herufi zimepangwa kama shanga. Hii, neno "soksi" limeteremka mpaka kwenye jina lako. Mimi kazi yangu ni kutazama herufi. Nani anaumwa hapo nyumbani?

Mjomba wako


Tarehe 17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Jibu lako sijalipata, lakini siwezi kulingoja.

Mama amenikataza kuandika haya, naandika nikiwa nimekaa ndani ya Nyati, vioo vimefungwa, yeye anadhani ninasafisha vichwa vya betri.

Siyo kikohozi cha vumbi. Ni mapafu. Hospitali walimpa mashine ya hewa, ina ukubwa wa kisanduku cha vitabu, ina mrija unaoingia puani. Akiwa nayo anaongea, anagomba, anapepeta mchele. Isipokuwepo, midomo inabadilika rangi na anaanza kutazama kitu kimoja ukutani. Mashine inataka umeme na umeme wetu, tangu mvua, unakatika jua likizama na kurudi ukipenda. Nilinunua inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Waya unatoka kwenye boneti ya Nyati, unapita dirishani, unaingia chumbani kwa Mama. Kila umeme ukikatika, Nyati ndiye anayempumulia. Ndiyo maana betri zinakufa. Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza kwa nini, na Mama hataki ujue.

Utasema niache injini inaunguruma. Dizeli inatolewa kwa mgawo, Mjomba, na kilichomo kwenye tangi ni cha kutufikisha hospitali, hakizidi hapo. Nimeapa kutokigusa.

Na hapo ndipo ninapokosa akili. Betri ileile inayompa hewa ndiyo inayomwasha Nyati. Nikiitumia mpaka mwisho kwa ajili ya mashine, gari haliwaki siku ya kumpeleka. Nikiitunza kwa ajili ya gari, anakosa hewa hapa hapa. Kila jioni ninakaa na taa ya inverta ninachagua, na kila jioni nachagua mashine.

Nimemwuliza Bwana Garantii kama kuna betri inayoweza yote mawili. Amesema ipo, kisha akanionyesha ileile niliyoinunua.

Mama anasema ukijua utakuja, na ukija hutaruhusiwa kurudi huko, na huku hakuna mtu atakayekusamehe kwa kuwa hai ilhali wenzako hawapo. Hayo ni maneno yake. Nijibu haraka. Najua barua haina haraka. Nijibu hivyo hivyo.

Spana


Tarehe 8 Juni

Spana, mwanangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Nimepata yako leo na ninaandika nikiwa bado nimevaa koti.

Nilikuchagulia betri ya Nyati niliyemwacha. Nyati unayeishi naye sikumjua. Fanya haya.

Usitumie betri moja. Tafuta ya pili, hata kuukuu, hata ya lori. Yoyote yenye mabamba manene, na hiyo peke yake ndiyo ihudumie mashine. Ya Nyati ichomoe waya hasi kila jua likizama, nati yake uitie mfukoni, ili mkono wako usishawishike. Inverta ikianza kulia, zima kila kitu kingine chumbani, hata taa. Usiiruhusu betri ifike mwisho. Ikiwezekana ibaki nusu. Betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo ichajiwe nje, na mrija wa dada yangu uwe mbali nayo. Hapo pasiwe na kibiriti, pasiwe na jiko, pasiwe na sigara ya mgeni. Ikiwa ni ya maji, iongezee maji ya betri, yale ya mvuke uliopozwa. Usiongeze ya bombani. Vichwa vyake ukivikuta na unga mweupe, osha kwa magadi, kausha, paka grisi.

Bi Asidi anayo betri hasa ya kukesha, iliyozibwa, haimwagiki hata ukiilaza. Nimekwenda kwenye kampuni za mabasi zote za mjini. Hakuna inayopokea betri kama mzigo usio na mwenyewe. Dereva mmoja wa lori alikubali, kisha akataja anakopita, na hapiti kwenu. Karani mmoja aliniambia, "Mzee, betri inasafiri na abiria wake tu."

Kibali changu ni cha kukaa. Siyo cha kwenda na kurudi. Unajua hilo, na dada analijua zaidi.

Kila siku, hata siku ya jua, hata ukiwa umechoka: uso wa Nyati uelekee mteremko.

Mjomba wako


Tarehe 1 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, na imenikuta natoka hospitali kubadilisha nguo. Mama yupo. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Betri ya pili nilikuwa naitafuta hata kabla hujaniambia. Sikuipata. Wiki iliyopita umeme ulikatika asubuhi, mvua ikipiga mabati mpaka hatusikilizani. Niliunganisha mashine kwa Nyati kama kawaida. Mchana mashine ilikuwa inafanya kazi lakini Mama hakuwa sawa. Alikuwa anavuta hewa na hewa haifiki. Hospitali, basi. Nikaingia kwenye gari, nikashika ufunguo, na inverta ikaanza kulia.

Nilijua nikizungusha ufunguo starta itakunywa kilichobaki, mashine itazima, na Nyati huenda asiwake. Nikakaa na ufunguo mkononi. Kisha nikatoka kumwita jirani.

Jirani mwenye trekta alinisaidia kumbeba Mama pamoja na mashine yake, tukamketisha mbele, mrija puani. Mama akaniona nimeshika ufunguo. Akasema, neno moja moja:

"Unangoja... nini?"

"Mama, betri."

"Betri ni ya... mwenye duka. Mteremko ni wetu. Toa jiwe."

Nikatoa jiwe kwenye gurudumu. Ufunguo niliusogeza hatua ya kwanza tu, starta sikuigusa. Gia ya pili, klachi chini. Jirani akasukuma mara moja, na Nyati akaanza kuteremka mwenyewe kwenye tope, kimya, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Kelele ilikuwa ya inverta peke yake. Mama alikuwa anatazama kioo cha mbele, anatazama kitu kimoja. Penye mti uliokatwa niliachia klachi. Nyati akatingishika, akakohoa, akakataa. Mteremko ulibaki mfupi. Nikakanyaga, nikaachia tena.

Akawaka. Altaneta ikashika, na inverta ikanyamaza. Sijawahi kusikia ukimya mtamu kama ule. Mama akafumba macho akasema, "Mwambie mjomba wako." Hakusema nikwambie nini.

Daraja la chini lilikuwa limebaki upande mmoja. Tulipita kwa gurudumu na nusu. Sikuzima injini mpaka wauguzi walipomchukua.

Sasa wanasema kikohozi kimeshuka lakini mapafu hayatarudi yalivyokuwa. Hawamruhusu kurudi nyumbani mpaka niwe na umeme wa akiba unaokesha, nao wodini wanataka kitanda chao. Betri ya Nyati tangu siku ile haishiki chaji. Ndiyo hali. Barua hii ataandika pembeni mwenyewe, amenipokonya kalamu.

Spana

(Pembeni, herufi zimetawanyika:) Gari liliwaka. Kaa huko huko.


Tarehe 24 Julai

Spana,

Marahaba, na asante kwa kuanza na lile neno. Nilikaa, kama ulivyoagiza.

Niliusoma mstari wa dada kwa kioo changu cha kazini. Amekandamiza kalamu kwenye "huko huko" mpaka karatasi imetoboka. Nimekuwa ndugu yake maisha yangu yote. Najua sauti yake ya kunifukuza na najua sauti yake ya kuniita, na hutumia maneno yale yale.

Nimekwenda kwa Bi Asidi. Nilikuta ameshaitoa betri rafuni na kuifunga kwa gunia na kamba mbili, na mahali pa kushika ameweka mpini wa ndoo. "Ulichelewa kuja," akasema. "Nimeichaji tangu juzi. Usiiache mkononi mwa mtu mpaka ufike. Na wewe ule kitu."

Kwenye ofisi ya vibali, afisa alinigeuzia karatasi. "Mzee, ukitia sahihi hapa, kurudi hakuna. Umeisoma?"

"Nimeisoma mara mbili," nikasema. "Mstari wa tatu koma imekaa vibaya. Mengine yako sawa."

Akaniangalia, akagonga muhuri. Chumba nimekabidhi. Vitabu nimemwachia fundi cherehani, naye akanishonea mfuko wa betri wenye mikanda ya begani.

Nitakuwa kituo cha mpakani, upande wenu, palipo na kibanda cha mizani ya malori. Barua hii nami tunaondoka kesho, kwa mabasi mawili tofauti, na sijui nani atatangulia. Kama ni mimi, nitakaa kwenye benchi la mizani na betri miguuni, na kila gari litakaloteremka nitalisikiliza injini yake. Nyati nitamtambua.

Ukifika kunichukua, usizime injini. Betri tutaiunganisha nyumbani, kwa waya zake zenyewe, nje ya dirisha la dada, na ndani tutaingiza mrija tu.

Na kama nimechelewa, usiniambie pale kituoni, wala njiani. Tuendeshe kimya. Ukifika uani geuza uso wa gari, weka jiwe, uniache kwanza niteremshe betri.

Mjomba wako